Uongo Saba Niliomtumia Mama

Mimi ndiye mtumaji wa familia. Kila ukoo una mtu wa namna hii: akiona jambo kwenye simu hawezi kukaa nalo, lazima alipeleke kwa mwingine. Cherehani yangu iko Soko la Toi, karibu na wauza suruali za mitumba. Mtu ananunua suruali iliyokatwa kwa ajili ya Mzungu mwenye miguu mirefu, anavuka kijia, ananiletea niifupishe. Kati ya mteja na mteja mkono wangu unajua kwenda kwenye simu bila kutumwa. Naona "Faida tano za papai", natuma. Naona "Dalili usizopaswa kupuuza", natuma upesi zaidi. Ningekuwa nashona kwa kasi ninayotuma, leo ningekuwa na nyumba mtaa wa Ayany, si chumba kimoja na nusu huku Kibera, ambapo ile nusu ni pazia.

Anayepokea zaidi ni mama yangu, anayekaa Kawangware. Ana miaka sabini na mitatu. Sisi ni watu wa Machakos kwa asili, na kwa kuwa mimi ni binti wa pili, nilipewa jina la mama yake. Ndiyo maana yeye huniita mwaitu, yaani mama, nami humwita mwaitu, na majirani wasio Wakamba wakitusikia hushindwa kujua nani alimzaa nani.

Kwetu simu hutazamwa kwa namna tatu. Binti yangu ana miaka ishirini, yuko chuoni. Video ya dakika sita huimaliza kwa dakika tatu, kwa sababu huiongezea mwendo mpaka daktari anaongea kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Siku moja nilimuuliza ile video ya upungufu wa damu, aliyoitazama mbele yangu jana yake, ilisema nini. Akanijibu bila haya kwamba hakumbuki, lakini anajua iko wapi. Kwake hilo ndilo kukumbuka.

Mimi, wa miaka arobaini na saba, husoma kichwa cha habari na mstari wa kwanza, nikaona nimeshaelewa. Nikituma, nahesabu nimetimiza wajibu wa mtoto kwa mzazi. Baadaye nakumbuka kwa uhakika kabisa kwamba nilituma. Nilichotuma ni habari nyingine.

Mama huvaa miwani. Huzima redio, huketi kwenye kiti chake cha mbao, huegemeza simu kwenye mkebe wa majani chai, na hutazama hadi mwisho, matangazo yakiwemo. Ikiisha huanza upya. Akimaliza anajua daktari alivaa nini, nyuma yake kulikuwa na maua gani, na kama anaonekana ni mtu aliyelelewa vizuri. Lakini muulize wiki ijayo habari ile aliitoa wapi, atakwambia inasemwa. Inasemwa na nani? Na watu.

Tena ana tabia ya kuokota furaha na kuacha mengine chini. Niliwahi kumtumia video ya ugonjwa wa sukari, na hiyo, nashukuru Mungu, nilikuwa nimeitazama mpaka mwisho. Ilianza na mambo ya kutisha, miguu kukatwa na macho kupofuka, ikamalizia na bibi wa miaka tisini anayelima na kucheza ngoma shambani kwake. Wiki ileile nilipomuuliza, mama akanieleza habari za yule bibi kwa nusu saa. Alijua leso yake ilikuwa ya manjano. Alijua alikuwa na kuku wangapi. Nikamuuliza kuhusu miguu kukatwa. Akaniangalia kwa huruma, akasema labda hiyo niliiona kwingine.

Nilikuwa nacheka. Nilikuwa nawasimulia wenzangu pale sokoni, nao wanacheka, kila mmoja akileta vituko vya mzazi wake. Hakuna aliyeona kwamba kuna la kuogopa humo.

Na la kuogopa lilikuwepo, kwa sababu mama ana presha. Mwaka juzi alianguka katika jiko la kanisa akisonga ugali wa harusi. Alianguka akiwa na mwiko mkononi, na wanawake waliomwinua walisema hakuuachilia mpaka walipomfikisha hospitalini. Aliamka mdomo ukiwa mahali pake na mikono ikisikia. Tukaambiwa tumshukuru Mungu, kisha ameze dawa kila asubuhi, maisha yake yote, bila kuruka hata siku moja. Tangu hapo kinachosimama kati ya mama yangu na sakafu ni tembe moja nyeupe.

Lazima pia nieleze chama chao. Kila Alhamisi mchana kina mama kumi na wawili hukutana sebuleni kwa mwenyekiti wao, nyuma ya kanisa. Mdogo wao ana miaka sitini. Zamani walikutana kusaidiana kwenye harusi na matanga, lakini siku hizi kinachoongelewa zaidi ni afya, maana kila mmoja ana mtoto kama mimi anayemwaga mavideo kwenye simu yake. Walipogundua kwamba wanayatazama na kuyasahau, wakajiwekea sheria. Mmoja anasimulia alichokiona. Akimaliza, birika la chai linawekwa mezani lakini halimiminwi. Zamu inazunguka, kila mtu aseme kwa maneno yake mwenyewe alichosikia, na mpaka wa mwisho aseme, chai inangoja. Chai ya mwenyekiti ina maziwa mengi na tangawizi ya kutosha, kwa hivyo hakuna anayesinzia. Mama ndiye msimulizi wao mkuu. Humwita mwalimu, naye hujifanya hapendi.

Sasa nije kwenye dhambi yangu. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa tano, mvua imenyesha, Toi ni matope kila mahali. Nikaona video kwenye simu: "Presha: mambo saba ambayo watu huambiana." Daktari mmoja nadhifu akatabasamu, akasema leo tuongee kuhusu presha. Hapo hapo kijana mmoja akaja mbio na suruali ya kufupisha, ana mahojiano ya kazi saa sita. Nikaituma video kwa mama, nikaweka simu chini, nikachukua utepe wa kupimia. Nilikuwa nimetazama sekunde saba, moja kwa kila jambo.

Wiki mbili zikapita, na siku moja juu. Jumanne moja nikampigia mama kumuuliza kama dawa zimekaribia kuisha, maana mimi ndiye humchukulia za mwezi mpya. Akaniambia nisijisumbue, zimebaki nyingi. Nikauliza nyingi kivipi. Akasema nyingi tu, siku hizi amezipumzisha.

Binti yangu alikuwa ameniletea chakula cha mchana. Nikamwambia afunike bakuli. Nikatupa nailoni juu ya cherehani na suruali ya mtu ndani yake, mguu mmoja mfupi na mwingine mrefu, tukaondoka wote wawili kwenda Kawangware.

Tulimkuta mama amekaa mlangoni anachambua sukuma wiki, mzima, anaimba. Hilo lilinikasirisha kuliko kama ningemkuta kitandani. Sikusalimia vizuri. Nikamuuliza ni nani amemwambia aache dawa.

"Si ni ile video," akasema. "Ilisema wazi. Ukijisikia vizuri unaweza kuacha. Na mimi najisikia vizuri."

Nikawaka. Mimi nina hasira za karibu, hilo nakiri, na nikiogopa huwa za karibu zaidi. Nikamwambia hakuna daktari duniani anayeweza kusema maneno kama hayo. Nikamwambia amezeeka, kichwa hakishiki tena kitu, anachanganya mambo, na kuanzia leo hiyo simu nitaichukua nimnunulie ya kupiga na kupokea tu.

Mama aliweka bakuli la sukuma chini, akajipangusa mikono kwa leso, akainua kidole kimoja. Jambo la kwanza, presha ni ya watu wanene. La pili, presha ni ya wazee peke yao. La tatu, ukiwa nayo lazima kichwa kiume. La nne, ukijisikia vizuri unaweza kuacha dawa. La tano, kitunguu saumu kinatosha mahali pa dawa. La sita, ukiacha kunyunyiza chumvi mezani umemaliza kazi. La saba, dawa za presha huharibu figo. Aliyataja yote kwa mpangilio, bila kukwama, halafu akainama kuchukua sukuma yake.

Nikamgeukia binti yangu. Yeye alikuwa ameshaipata, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitazama kitu kwa mwendo wake wa kawaida. Tukasimama wawili pale mlangoni, vichwa vikigusana juu ya simu. Daktari nadhifu alikuwa anasoma kila jambo polepole, kwa sauti nzito, maneno yakijaza kioo kizima. Kisha mlio wa ngoma, na X kubwa nyekundu ikajibandika juu ya maneno hayo. Baada ya hapo, kwa haraka na kwa maandishi madogo, alieleza ukweli ni upi.

"Mum, hizi zote ni za uongo," binti yangu akasema. "Ndio maana ameweka X. Shosho ameshika zote saba, but ameshika zile za uongo."

Mama akasema hapana, sisi ndio hatujui kusoma alama. Nasi tukasikiliza, maana hakuwa anabahatisha. Miaka ile mimi nikiwa msichana, mama alikuwa na kibanda cha mboga kando ya barabara, na sote tulikula kwa kibanda hicho. Asubuhi moja alikikuta kimechorwa X nyekundu ubavuni, na vya jirani vilevile. Mmoja akasema ni watoto wanacheza. Mwingine akasema ni siasa, zitafutika na mvua. Mama akapanga nyanya zake kama kawaida. Haikuisha wiki, tingatinga likaja asubuhi mapema, na kila kilichokuwa na X kikaenda, nyanya zikiwemo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo alivyotufundisha kuanzia siku hiyo. Mtu yeyote aliyekaa Kawangware au Kibera anaijua hiyo rangi, anajua kwamba ikichorwa kwenye kitu, hilo ni neno la wakubwa, lishike.

"Kwa hivyo nilipoona ile X," akasema, "nikajua hayo ndiyo yenyewe. Yale maandishi madogo nikasema ni maneno ya watu."

Nilicheka. Sikutaka kucheka, lakini kicheko kilinitoka, nikaketi kwenye kizingiti, nikacheka mpaka machozi yakaja, na katikati yake nikagundua kwamba ni machozi kweli. Siku kumi na tano bila dawa. Mama yangu alikuwa amebeba uongo saba kichwani kwa uangalifu wote, na aliyemtwika ni mimi.

Tulimpeleka zahanati mchana uleule. Daktari wa pale ni kijana mpole, akampima, akampima tena mkono wa pili. Akasema ni juu sana, na kwamba tuna bahati amekuja kwa miguu yake. Akampa dawa yake, akamlaza kwenye kitanda cha nyuma apumzike saa mbili, na akataka kumwona tena baada ya siku tatu. Zile saa mbili niliziona. Nilikaa kwenye benchi nikisikiliza kila anapokohoa.

Daktari akaniuliza imekuwaje. Nikamweleza yote, pamoja na X. Hakucheka. Akasema si mara ya kwanza kuona mambo hayo, na kwamba kosa si la mzee peke yake. Ukimkariria mtu uongo mara nyingi, hata kama ni kuukana, kichwa chake kinauzoea. Wiki ikipita, kule kukana kunadondoka njiani na uongo unabaki, tena unaonekana ni rafiki wa zamani. Vijana nao husahau, akasema akimtazama binti yangu, ila wao husahau yote, kwa hivyo hilo halimdhuru mtu. Binti yangu akaguna. Kisha daktari akanishauri: nikitaka kumsahihisha mama, nisiutaje uongo tena kabisa. Nimwambie la kufanya tu, kwa maneno machache, na nirudie hilohilo.

Nilidhani mambo yameisha. Lakini mama, akiwa bado amelala pale nyuma, akaniita kwa sauti ndogo.

"Mwaitu, mimi niliwasimulia. Alhamisi mbili. Na kila mtu alirudia."

Nikaelewa mara moja. Zamu imezunguka, wanawake kumi na wawili wamesema kwa midomo yao wenyewe kwamba ukijisikia vizuri unaweza kuacha dawa, birika likingoja. Sheria yao ile nzuri ilikuwa imeugongomea uongo mle ndani kama msumari. Na karibu nusu yao wana presha.

Nilimwambia nitaenda mimi Alhamisi niwaeleze. Nilitaka kumwondolea aibu, maana najua anavyolipenda jina la mwalimu hata akijifanya hapendi. Akakataa. Alisema mdomo uliosema ndio utakaosema tena. Lakini siku ile tulipofika nyumbani kutoka zahanati, aliniuliza mara mbili kama wale wanawake watamcheka. Nikamwambia hawatamcheka. Sikuwa na hakika.

Jumatano nilirudi Toi kumalizia suruali ya watu. Mwenyewe alikuwa amekuja mara tatu na kuacha matusi kwa jirani yangu, nikayapokea yote. Alhamisi nikafunga mapema, nikaenda.

Sebule ya mwenyekiti ilijaa. Mama alisimama kabla hata maombi hayajapoa. Alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka. Akasema kuna jambo aliwaambia kuhusu dawa za presha, na kwamba waliondoe. Mmoja akauliza jambo gani hasa. Mama akasema hatalirudia, daktari amemkataza. Mwingine akasema sasa wataondoaje wasichotajiwa, na hapo kelele zikaanza, kila mmoja akitaka kukumbusha mwenzake. Mama akainua mkono, wakanyamaza.

"Shikeni hili moja," akasema. "Dawa ni kila asubuhi. Ukiumwa, kila asubuhi. Ukijisikia mzima, kila asubuhi."

Akaketi. Birika likawekwa mezani. Zamu ikaanza, na kila mwanamke akasema vile, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa lugha zao kisha kwa Kiswahili. Mkongwe wao, wa miaka themanini na moja, aliongeza kwamba yeye humeza na uji, akaambiwa aseme alichosikia tu, akasema. Ikafika kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa anaangalia mikono yake.

Akasema kwamba yeye amekaa siku tisa bila dawa.

Hakuna aliyecheka. Mama alishika mkono wa kiti chake. Akasimama, akavuka sebule, akaketi karibu na mwenyekiti kabisa, bega kwa bega, na kumwambia asubuhi watakwenda zahanati wote wawili. Walikwenda kweli, na niseme mapema ili msomaji asihangaike: mwenyekiti yu mzima hadi leo, na ana mdomo kuliko zamani. Lakini dakika ile sebuleni ilikuwa nzito, na mama aliibeba mwenyewe, mpaka mwenyekiti alipoinua kichwa na kuuliza video ile ilitoka kwa nani.

Mama hakusita hata kidogo. Akaninyooshea kidole.

"Kwa huyu. Alinitumia kitu na hakukitazama."

Macho ishirini na manne yakageuka. Nikasimama, kwa kuwa niliona ndiyo adabu, nikasema ni kweli, nilitazama sekunde saba, na kwamba naomba msamaha kwao wote. Mzee wa miaka themanini na moja akauliza kwa mshangao, sekunde saba, mtu anaona nini kwa sekunde saba. Nikasema niliona daktari akitabasamu. Hapo kicheko kikapasuka, hata mwenyekiti akacheka huku anafuta macho. Nikaambiwa kwamba siku hiyo mimi ni mtoto wa kuosha vikombe. Sikubisha. Chai yenyewe ilikuwa imepoa.

Niliosha vikombe uani, kwenye beseni. Mama alikuja akavuta stuli, akaanza kuvipangusa. Alikuwa amechangamka sasa, mzigo umeshuka, ananisimulia nani alivaa nini kana kwamba nami sikuwepo. Nikamwacha aongee. Kisha nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu Jumanne. Yeye ni mbishi. Hubishana na mchungaji, hubishana na redio, na video zangu nyingi huzipinga waziwazi. Hii iliwezaje kumfanya aache dawa siku ileile, bila kuniuliza?

Akapangusa kikombe kimoja kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Zile zingine nasahau zimetoka wapi," akasema. "Hii ilitoka kwako. Na uliandika."

Nikamwambia sikuandika kitu. Akasema niliandika. Nikatoa mikono majini, nikaipangusa kwa sketi, nikafungua simu. Nilirudi nyuma, nikapita papai na vitunguu na mazoezi ya mgongo, mpaka ile Jumatatu. Chini ya video kulikuwa na maneno yangu mwenyewe: "Mwaitu hii ni yako." Sikuwa na kumbukumbu yoyote ya kuyaandika. Hata sasa sina. Vidole viliandika macho yakiwa kwenye suruali ya kijana wa mahojiano.

Mama akasema hakuwa ameniona tangu Pasaka. Alisema mimi ni mtu wa kutuma tu siku hizi, na kwamba anaelewa, kazi ni nyingi. Lakini hii haikuja mikono mitupu kama zile zingine, ilikuja na jina lake, ndiyo sababu aliitazama mara nne. Alikuwa amechoka na zile tembe, zilimfanya aamke usiku kwenda chooni, wala hakuwa amemwambia mtu. Akafikiri mimi nimeona. Akafikiri nimekaa chini nikamwaza, nikaenda kumtafutia ruhusa ya kupumzika.

Ningeweza kumwacha na hilo. Lilikuwa wazo zuri kuliko mimi. Lakini nilikuwa nimeshamtumia ya uongo saba, sikutaka kuongeza la nane.

"Mwaitu, sikuwa nimekufikiria," nikamwambia. "Nilikuwa nafupisha suruali ya mtu."

Alicheka kidogo, kicheko cha puani. Hakuonekana kushangaa. Akaweka kile kikombe juu ya vingine, akanyoosha mkono achukue kingine kutoka kwenye beseni.

"Basi nifikirie sasa," akasema. "Niko hapa."

Nikavuta ndoo nikaikalia karibu naye, nikamuuliza usiku huamka mara ngapi, na akaanza kunieleza.